Kiboko Hakilainishi Choo

Kiswahili hutumia neno moja, choo, kwa kinyesi na kwa mahali pa kwendea haja. Kwa mtoto aliyefunga choo, mambo hayo mawili hayatenganiki. Katika ploti nyingi za Dandora na Kayole, wapangaji hutumia choo cha pamoja. Mtoto akikichukia, au akinyimwa ruhusa darasani, hujizuia. Kinyesi hukauka, haja humuumiza, naye huzidi kujizuia. Hatimaye kinyesi chepesi humtoka bila hiari, kikachafua sare. Wenzake humcheka, majirani humlaumu mama, baba hushika kiboko. Nashikilia kwamba huo si ukaidi bali ni maradhi. Walimu, mpeni ruhusa. Wanafunzi, msimcheke. Wazazi, mpelekeni zahanati. Kiboko huzidisha hofu tu.