Hisani ya shuruti si hisani

Miongoni mwa desturi ambazo zimeota mizizi katika sehemu zetu za kazi ni ile ya wafanyakazi kujumuika, wakavalia fulana za rangi moja, wakapanda baiskeli na kwenda masafa marefu kwa nia ya kuchanga fedha za kuwafaa wasiojiweza. Desturi hii haikuishia katika makampuni makubwa, bali imebisha hodi hata shuleni. Yafaa basi sisi walimu, pamoja na wanafunzi wetu, tuipime kwa makini kabla ya kuikumbatia au kuitupilia mbali.

Wako wanaoibeza. Wao husema kwamba ikiwa mtu anazo shilingi elfu moja za kumpa mhitaji, na azitoe kimyakimya. Ya nini kutokwa na jasho barabarani na kutumia fedha nyingine kununulia fulana? Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini walio na mawazo hayo wamesahau kwamba mwendeshaji hatoi chake pekee. Kabla ya siku ya safari huwaendea jamaa, majirani na marafiki, akawaomba waahidi chochote kwa ajili ya lile atakalolitenda. Jasho lake ndilo linalompa uso wa kuomba, na ndilo linalomfanya mwombwaji aamini kwamba haombwi na mtu aliyeketi kivulini.

Ushahidi wa jambo hili uko nchini Marekani. Mwaka 1980, Billy Starr, ambaye mamake alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa saratani, aliwakusanya wenzake wakawa waendeshaji 36, wakakata jimbo la Massachusetts kwa baiskeli ili kuichangia taasisi ya saratani ya Dana-Farber iliyoko Boston. Walipata kiasi cha dola 10,000. Msafara huo, uitwao Pan-Mass Challenge, ukawa wa kila mwaka, na kufikia mwaka 2024 jumla ya michango yake tangu kuanzishwa ilikuwa imepita dola bilioni moja. Hakuna waendeshaji 36 ambao wangeweza kuzitoa fedha hizo mifukoni mwao. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti awepo wa kuzizungukia hizo haba.

Kuna faida nyingine ambayo haihesabiwi kwa fedha. Nimewahi kushiriki msafara wa namna hii pamoja na wenzangu kazini. Shuleni kila mtu ana kiti chake na cheo chake. Barabarani mambo yalikuwa mengine, kwa maana mlima haujui cheo. Aliyetangulia ni bawabu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akija kazini kwa baiskeli. Mwalimu mkuu alishuka akaikokota yake huku akitweta, na aliyesimama kumngojea ni mpishi. Mnyororo wa baiskeli ya mwalimu wa hesabu ulipochomoka, ni bawabu yuyo huyo aliyerudi nyuma akaurejesha mahali pake kwa dakika moja. Jumatatu iliyofuata niliwasikia walimu wakimwamkua bawabu kwa jina lake, watu ambao awali walimpungia mkono tu langoni. Semina za kuhimiza ushirikiano, ambazo hugharimu fedha nyingi, sijaona zikizaa tunda hilo.

Hata hivyo, asali hii ina nyuki wake. Zipo sehemu za kazi ambamo mwaliko hugeuka amri. Orodha hubandikwa ukutani kuonyesha nani katoa na katoa ngapi. Mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule kwa ujira usiomtosha kodi ya nyumba hulazimika kukopa ili jina lake lisiachwe tupu. Mwanafunzi naye huambiwa alete mchango, na asipouleta huonekana kana kwamba amekataa kusoma.

Sisi Wakenya hatuna udhuru wa kutolijua balaa hili. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, harambee ilijenga shule nyingi ambazo serikali haikuwa na uwezo wa kuzijenga. Wananchi walitoa mbuzi, kuku, mawe na nguvu zao kwa hiari. Miaka ilivyosonga, wenye madaraka wakaishika wakaifanya fimbo. Mnyonge akatozwa kama anayetozwa kodi, na mkubwa akasifiwa kwa ukarimu uliotoka katika jasho la mwingine. Hatimaye Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ikamkataza afisa wa umma kuifanya ofisi yake kuwa mahali pa kukusanyia harambee, au kutumia cheo chake kumshurutisha mtu kutoa. Itakuwa aibu kubwa iwapo yale yaliyokatazwa kwa jina la harambee yatarejea shuleni yakiwa yamepanda baiskeli.

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo hauamrishwi kwa waraka. Kwa hivyo nashauri kwamba anayeandaa msafara ashike mambo manne. Kwanza, hiari iwe hiari ya kweli, na kiasi anachotoa mtu kiwe siri yake. Asiyeweza kuendesha baiskeli apewe kazi ya kugawa maji, kuziba pancha au kuandika hesabu, na heshima yake iwe sawa na ya aliyetangulia mbele. Pili, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku chache baada ya safari, hesabu zote zibandikwe hadharani, bei ya fulana na chakula ikiwemo. Tatu, usalama utangulie. Barabara zetu nyingi hazina njia ya baiskeli, kwa hivyo safari ianze alfajiri, ipite mbali na malori, na asiwepo mtu asiye na kofia ngumu.

Nne, na hili ndilo kubwa, fedha hizo zimfae mtu ambaye kwake baiskeli si mchezo. Nani amfae kuliko mwanafunzi aamkaye usiku ili kutembea hadi shuleni? Katika jimbo la Bihar nchini India, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa shule za upili fedha za kununua baiskeli. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipoichunguza hatua hiyo, waligundua kwamba idadi ya wasichana walioandikishwa iliongezeka kwa asilimia 32. Nchini Zambia nako, wasichana wa mashambani waliopewa baiskeli walipunguza utoro kwa zaidi ya robo, na muda wao wa safari ukapungua kwa theluthi. Huyo anayeketi nyuma darasani akisinzia saa tatu asubuhi pengine si mvivu hata kidogo. Pengine miguu yake imekwisha kufanya kazi ya siku nzima.

Walimu wenzangu, msiikatae safari hii kwa sababu wako wanaoiharibu. Nanyi wanafunzi, mkiombwa kushiriki, ulizeni kwa adabu fedha zinakwenda kwa nani na zitahesabiwa na nani. Swali hilo si utovu wa nidhamu, bali ni sehemu ya elimu ya uraia. Na yule mkuu anayetaka kuuongoza msafara na auongoze kwa kunyonga baiskeli mwenyewe, mlimani na mteremkoni, wala asitoe amri akiwa garini huku wenzake wakitweta nyuma yake.