MAJI NA KURIANI: TUUNDE EKIPE, TUSIUNDE POLISI



Hapa masomoni kila mtu analalamika: maji hakuna, kuriani imekatika. Maneno hayo yako na kweli yake. Lakini sisi tunauliza: siku maji yanapokuja, tunayatumia namna gani?

Tuhesabu kidogo. Robine inayotona ikijaza chupa ya litri 1 kwa saa moja, siku nzima imepoteza litri 24. Ni zaidi ya bido moja ya litri 20. Na maji yakikatika, bido hiyo nani anaibeba? Ni dada zetu wa interna na wadogo wetu. Wanashuka kwenye chemchemi mbele ya jua kutoka, kisha wanaingia darasani na usingizi. Basi anayeacha robine wazi hamwagi maji tu, anamwaga masomo ya mwenzake.

Kuriani ni vilevile. Sisi watu wa Bukavu tunaipata kwa mto Ruzizi unaotoka ziwa Kivu. Ruzizi II, ya mwaka 1989, inagawa nguvu kwa nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Maji ya ziwa yakishuka, nguvu inapunguka kwa wote. Ampule ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 12 za usiku inakula wati-saa 720. Ile ya LED ya wati 9 inakula 108 tu. Na iliyozimwa haili kitu.

Kwa hiyo tunaomba ekipe: mwanafunzi mmoja kwa kila darasa, mwalimu mmoja, na mama mmoja wa jikoni. Kazi yao ni hii: kusoma kontere kila siku ya kwanza na kuandika hesabu ubaoni, kubadilisha ule mpira mdogo ndani ya robine inayotona, kuloweka maharagi tangu jioni, sababu yanaiva upesi na makala yanabaki.

Wengine wanasema: ekipe hiyo itakuwa masikio ya wakubwa. Woga huo si bure. Ndiyo maana tunataka sheria mbili. Ya kwanza: daftari ya ekipe iandike robine na taa, isiandike jina la mtu. Ya pili: ukaguzi uanze ofisini na kwenye nyumba za walimu, kisha ndiyo uje kwetu. Mkubwa akizima taa yake, mdogo hatangoja kuambiwa.

Tena faida ionekane. Feza itakayobaki inunue tanki ya maji ya mvua. Mvua ya milimita 10 tu juu ya bati la metre karé 200 inatoa litri 2000 hivi, yaani bido 100. Leo maji hayo yanakwenda mtaroni na kula udongo wa bustani yetu.

Bwana Yesu alikuwa na uwezo wa kulisha watu elfu tano, hata hivyo aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyobaki (Yoane 6). Kama yeye hakutupa, sisi tulio na kidogo tutatupa kwa haki gani?

Bwana Prefe, tunangoja jibu. Wandugu, haba na haba hujaza kibaba. Na tone kwa tone humaliza pipa.