Hii Vitamini Tunayoimeza Kama Peremende

Siku hizi, ndugu msomaji, ukitoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa, hata viatu hujavivaa sawasawa umeshakabiliwa na kijana mwenye kipaza sauti na meza ya vichupa. Hiki cha damu, hiki cha macho, hiki cha magoti, na kile kilichositiriwa kwa kitambaa ni cha mambo ya wanaume watu wazima. Mwulize ni dawa gani, atakujibu bila kusita: "Hii si dawa, mzee wangu, ni vitamini tu. Haina madhara."

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Kwanza jina lenyewe. Neno vitamini lilibuniwa mwaka 1912 na mwanasayansi Casimir Funk, mzaliwa wa Warsaw, aliyelichukua kutoka neno la Kilatini lenye maana ya uhai. Mimi ni mtu wa mashairi, na najua jina zuri lifanyavyo kazi. Kitu kikishaitwa uhai, nani atakikataa, na nani atauliza kipimo chake? Lau tungelishikilia neno letu "nyongeza" tungesalimika na mengi, kwani neno hilo lina swali ndani yake: umepungukiwa na nini hata uongezewe?

Na asili ya jambo hili ni upungufu. Mwaka 1747 tabibu James Lind, akiwa katika manowari ya Kiingereza iitwayo Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili, kila jozi akaipa tiba yake. Wawili waliolishwa machungwa na malimau wakainuka upesi kuliko wenziwao wote. Kilichowainua ndicho tukiitacho leo vitamini C. Lakini baharia aliyekuwa mzima wa afya, hata angalikula malimau gunia zima, asingalipata nguvu zaidi ya alizokuwa nazo. Nasi ambao ndimu haituondoki mezani twanunua vidonge vya C vya miligramu 1,000, ilhali mtu mzima hahitaji hata miligramu 100 kwa siku. Kinachozidi hutoka na mkojo. Kikizidi sana huharisha, na kwa wengine huongeza hatari ya mawe ya figo. Wako pia wanaofurahi mkojo ukigeuka manjano kama bizari, wakidhani ndiyo alama ya dawa kufanya kazi. Hiyo ni vitamini B2 iliyokosa kazi, inakwenda zake pamoja na fedha zao.

Ama A, D, E na K haziendi upesi namna hiyo. Hizo hushikana na mafuta, zikajilimbikiza mwilini, hasa A ambayo ghala yake ni ini.

Kwa kuwa nimezoeleka mtaani kuwa mtu wa magazeti, majirani huniletea karatasi za Kiingereza niwasomee. Hivi majuzi alinijia binti wa jirani yangu, mja mzito wa miezi miwili, na vichupa vitatu mkobani. Kimoja amenunua mwenyewe, kimoja ameletewa na shangazi yake kutoka Dubai, cha tatu ni cha nywele na ngozi, amepewa na shoga yake. "Ami, hebu nisomee, nimeze kipi asubuhi na kipi usiku?" Nikavaa miwani. Cha kwanza kina vitamini A ya namna ya retinoli, yuniti 5,000 kwa kidonge. Cha shangazi ni mafuta ya ini la samaki, yuniti 4,000. Cha nywele, 5,000 tena. Jumla 14,000 kwa siku, na kila kichupa kinajisifu kana kwamba kiko peke yake duniani.

Mwaka 1995 watafiti wa Boston huko Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wanawake waja wazito zaidi ya 22,000. Kwa wale waliomeza zaidi ya yuniti 10,000 za retinoli kila siku kutoka katika vidonge, walikadiria kwamba katika kila watoto 57 mmoja alizaliwa na kilema kwa sababu ya vitamini hiyo. Nilimwambia binti yangu yule avifunge vyote vitatu avipeleke kwa daktari wa kliniki yake kabla hajameza kingine. Rangi ya embe, papai na karoti haina hatari hiyo, kwani mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri ya haja yake tu. Lakini hata rangi hiyo ikitiwa katika kidonge hubadilika tabia: huko Finland wanaume wavuta sigara walipewa vidonge vyake kwa miaka, na mwaka 1994 ikabainika kwamba saratani ya mapafu ilizidi kwao kwa asilimia 18 kuliko kwa wenziwao wasiopewa.

Msomaji asiniambie kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. La karibu zaidi limetokea Pemba, kwa ndugu zetu. Watoto wadogo zaidi ya 24,000, wa kuanzia mwezi mmoja hadi miezi 35, waliingizwa katika utafiti uliotaka kujua kama madini ya chuma na foliki, ambavyo sisi twaviita dawa ya damu, vingewapunguzia maradhi na vifo. Nia ilikuwa njema na kipimo kilikuwa cha kitaalamu. Mwaka 2003 sehemu ya chuma ilibidi isimamishwe kabla ya wakati wake, na mwaka 2006 jarida la The Lancet likachapisha sababu: watoto waliopewa chuma na foliki walielekea zaidi, kwa asilimia 12, kufa au kulazwa hospitali kuliko wasiopewa. Malaria wakati ule ilikuwa imeshamiri Pemba, na chuma kilichoongezwa kiholela kilizidisha ukali wake.

Lakini lipo la pili katika utafiti huo huo, nalo ndilo hasa nataka lishikwe. Kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu na kuangaliwa malaria yao kwa karibu. Katika kundi hilo, wale waliopungukiwa na chuma kikweli walinufaika nacho. Kidonge ni kile kile na kisiwa ni kile kile. Tofauti ni kwamba hawa walijulikana upungufu wao na malaria yao ikatibiwa.

Kwa hiyo mja mzito asije akatupa vidonge vya kliniki kwa kunisoma mimi. Chuma miligramu 60 na foliki mikrogramu 400 apewazo hapa Kenya vina hesabu yake, na kliniki humtazama malaria pia. Vikimfunga choo au choo kikawa cheusi, hilo lajulikana, amweleze muuguzi. Kinachonisikitisha ni kuona vidonge hivyo vikisukumwa kwa chai. Chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Meza kwa maji, na ukikamulia ndimu ni bora zaidi. Chai nayo ingoje saa moja au mbili. Kisha kichupa kipandishwe juu ya kabati, kwani vidonge vya chuma vyenye rangi na utamu vimewaua watoto waliovidhani peremende. Mwenye selimundu aliyewahi kuongezwa damu asiguse dawa ya damu bila idhini ya daktari, kwa kuwa mwili wake huenda umeshashiba chuma.

Wapo waliopungukiwa kweli bila kujua. Madaktari wa nchi za Ghuba wameona kwa miaka mingi uchache wa vitamini D kwa wanawake, licha ya jua lote lile, na mama zetu washindao ndani nao wapimwe damu. Wapimwe, nasema, si wakisiwe, maana D ikizidi hujaza chokaa katika damu, ikaja kiu, kichefuchefu, na mwishowe figo kuharibika. Na mwenye kutumia dawa ya kuzuia damu isigande, vitamini K yaweza kumbatilia tiba yake pasina yeye kuhisi.

Turudi kwa kijana wa mezani. Vile vichupa vya wanaume, huko Marekani wakaguzi wa dawa wamevipima mara nyingi wakakuta ndani, bila kutajwa popote, dawa ile ile ya hospitali ya nguvu za kiume, ambayo kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti yaweza kuishusha damu hadi akafa. Naziomba kamati za misikiti yetu ziifikirie ile biashara ya mlangoni. Watu huamini kinachouzwa pale kwa sababu ya mahali kinapouzwa. Duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu lina mtu wa kuulizwa kesho dawa ikikudhuru; kijana wa kipaza sauti kesho yuko Malindi.

Na ukifika dukani, uliza na la dini. Vidonge vingi vilaini vimevikwa jelatini, nayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe. Kichupa aghalabu huandika "gelatin" kikanyamaza hapo. Vipo vilivyoandikwa halali, na vipo vilivyovikwa selulosi ya mimea. Nimeuliza katika maduka matatu hapa mjini. Ni moja tu lililotoa karatasi ya mtengenezaji likanionyesha.