Viungo Vikipotea Jikoni, Maneno Hupotea Mdomoni

Majuzi niliingia darasani na vichupa sita vya viungo. Tulikuwa tukijadili msamiati na maana, nami nikawaomba wanafunzi wanuse na kutaja walichonusa kwa Kiswahili. Tangawizi na pilipili manga zilitambuliwa mara moja. Iliki ilijulikana kwa sababu ya chai. Lakini mdalasini, bizari nyembamba na giligilani viliwatatiza wengi, wakaviita vyote kwa jina moja: "pilau masala". Ni msichana mmoja tu, mzaliwa wa Lamu, aliyevitaja vyote bila kusita. Nilipomwuliza alikojifunzia, alijibu, "Jikoni kwa nyanya, mwalimu."

Jibu hilo lilinichoma, kwani mimi mwenyewe sina la kujitetea. Marehemu mama yangu alikuwa akikaanga viungo vikavu na kuvitwanga siku ile ile ya kupika. Leo kinu chake ni pambo sebuleni kwangu, ilhali pilau yetu hutegemea pakiti ya dukani. Wanangu hawajapata kuusikia mchi ukilia.

Sisemi kwamba pakiti ni dhambi. Humwokolea muda anayerudi nyumbani jioni akiwa amechoka. Hata hivyo, inatunyang'anya mengi. Harufu ya kiungo imo katika mafuta yake, nayo mafuta hayo hutoweka hewani upesi kiungo kikishasagwa. Ndiyo maana iliki nzima hudumu, ilhali unga wake hufifia. Isitoshe, baadhi ya michanganyiko hiyo hutiwa chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Anayejua kuunga mchuzi kwa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu anaweza kupunguza chumvi bila mlo wake kuchwara.

Lakini hasara inayonikera zaidi ni ile ya lugha. Kila jina la kiungo lina historia. Neno mdalasini lina asili yake katika Kiajemi, kwa maana ya mti wa Uchina. Pilipili manga hutukumbusha kwamba Manga lilikuwa jina la Uarabuni. Giligilani ni mbegu, na kotmiri ni majani ya mmea uo huo; wengi wetu sasa huita vyote viwili dania, na tofauti hiyo muhimu kwa mpishi ikapotea.

Wapo watakaodai kwamba haya ni mambo ya watu wa pwani. La hasha! Chai ya tangawizi hunywewa Kisii na Nyeri pia. Tena neno lenyewe, kiungo, si la kuazima. Limetokana na kitenzi cha Kibantu, kuunga, ambacho pia ni kuunganisha. Kiungo cha mwili huunganisha mfupa na mfupa. Kiungo cha mchuzi huunganisha nyama, nazi na nyanya vikawa chakula kimoja. Nathubutu kusema kwamba huunganisha pia nyanya na mjukuu, kwa maana ujuzi huu haukuandikwa popote ila katika mikono ya waliotutangulia.

Basi yafaa wenye viwanda waandike kwenye pakiti zao, kwa Kiswahili, kila kiungo kilichomo. Walimu nao wavipeleke viungo darasani. Nasi wazazi tusiwangoje hao wala hawa. Jumamosi hii nitakishusha kinu cha mama, nikioshe, na kumpa binti yangu mchi. Tutakaanga kidogo kidogo, tukinusa na kutaja majina. Asiyejua jina la kitu hawezi kukiulizia sokoni, na kisichouliziwa sokoni hatimaye hakiletwi.