Rupert Holmes hakukimbilia jukwaani

Wapo wanaoandika kwamba mwanamuziki wa roki akihamia tamthilia za kuchekesha, basi sauti imekwisha na mashabiki wamemkimbia. Hoja nyepesi hiyo. Mtazame Rupert Holmes.

Wimbo wake "Escape" wa 1979, uliofika namba moja Marekani, wenyewe ni kichekesho: mwanamume aliyemchoka mwenzi wake anajibu tangazo la mapenzi gazetini, anakwenda kwenye miadi, kumbe aliyelitoa ni mwenzi huyohuyo! Aliyesuka kisa kama hicho alipungukiwa nini, zaidi ya waigizaji?

Mwaka 1985 akawapata. Charles Dickens alifariki 1870 akaiacha riwaya yake The Mystery of Edwin Drood bila mwisho. Holmes akaigeuza tamthilia ya nyimbo na vichekesho, na badala ya kumtaja muuaji, akawaachia watazamaji wampigie kura kila usiku. Ndiyo kusema ilimbidi aandike miisho kadhaa, na kila mmoja ushike. Kazi ya mchovu hiyo?

Mwaka 1986 akatwaa tuzo mbili za Tony, ya maandishi na ya nyimbo.

Na wanaosema alistaafu waeleze Curtains, kichekesho alichokamilisha maandishi yake baada ya Peter Stone kufariki: kilifika Broadway 2007.