Hospitali za Kibingwa Zibaki za Umma

Kila bajeti inapobana, hoja ile ile huibuka: hospitali za kibingwa waachiwe wawekezaji, maana serikali haijui biashara. Wanaoitoa wana la kuonyesha: foleni ndefu, mashine mbovu, mgonjwa anayeambiwa akanunue dawa duka la nje.

Lakini hebu wamtazame mgonjwa wa Masakta, wilayani Hanang. Huanzia zahanati, hupelekwa Katesh au huvuka kwenda Haydom, Mbulu. Ikishindikana, hupewa rufaa. Akiba yake ni ng'ombe na mahindi ya msimu. Mwekezaji atamtoza nini, na lini?

Nitaulizwa: mbona Haydom si ya serikali? Kweli. Ilianzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, na sasa ni ya KKKT Dayosisi ya Mbulu. Bugando nayo ilitaifishwa 1972, ikarejeshwa kwa Kanisa Katoliki 1985 kwa makubaliano na serikali. Hospitali hizi hazigawi gawio kwa wenye hisa, na serikali huchangia mishahara ya watumishi wake. Ninachokipinga ni faida kuwekwa mbele ya mgonjwa. Makanisa sina ugomvi nayo.

Lesotho walijaribu. Hospitali ya rufaa ya Queen 'Mamohato ilifunguliwa Maseru mwaka 2011 kwa mkataba wa ubia wa miaka 18, mshauri akiwa IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi. Mwaka 2014 Oxfam ilidai hospitali hiyo moja inameza nusu ya bajeti ya afya. Hesabu hiyo ilibishiwa sana, lakini mwaka 2021 serikali yenyewe iliuvunja mkataba.

Hanang tuna ushahidi wa karibu zaidi. Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80. Majeruhi walitibiwa Katesh na Babati, na Rais akaagiza serikali ibebe gharama. Agizo lilitekelezeka bila majadiliano kwa kuwa hospitali zilikuwa za umma. Kwa mwekezaji, mazungumzo yangeanzia kwenye bei.

Foleni zinatibika kwa kuajiri madaktari na kulipa madeni ya dawa kwa wakati. Hakuna haja ya kuuza jengo. Na mkataba wowote wa ubia usomwe bungeni, hadharani, kabla ya kusainiwa. Ukifichwa, wabunge wa Hanang na Mbulu waukatae.