Utando wa Sabuni Bafuni

Twawajua kina mama wa pwani wasuguao bafu hata mikono ikawauma, na ule utando mweupe usibanduke. Si uvivu wao. Maji ya visima vya mwamba wa matumbawe yana chokaa, nayo hushikamana na sabuni, ikawa ukoga usioyeyuka. Kuzidisha sabuni ni kuuzidisha. Yafaa kupaka siki juu ya vigae vya ukutani, kungoja robo saa, kusugua na kusuuza. Sakafu ya saruji msiitie siki, maana huila. Tena twawaonya sana: siki na dawa ya klorini zisikutane kamwe, hutoa hewa ya sumu iwezayo kuua. Basi mume asimlaumu mkewe. Ailaumu chokaa, naye ashike kitambaa, akaushe ukuta kila aogapo.